Apolonia, Mfuta Vumbi la Majani

Apolonia hakufuta jani hata siku moja bila kulipuliza kwanza. Aliliinua kwa kiganja cha kushoto, akalipuliza taratibu kama mtu anayepooza uji wa mtoto, ndipo akapitisha kitambaa cha maji ya uvuguvugu. "Mtu haoshwi usingizini," alisema. "Mwamshe kwanza." Waliomjua uzeeni wanasema hata majani ya maboga ya kupika aliyapuliza kabla ya kuyatia chunguni.

Alizaliwa karibu na Tosamaganga, akaolewa, akafiwa na mume kabla ya kupata mtoto, na shemeji zake wakamwonyesha njia ya kutoka. Tangu hapo aliishi katika nyumba za Wazungu mjini Iringa. Mwaka wa hamsini na nne alikuwa kwa memsabu mmoja, mke wa daktari wa mifugo, aliyejaza sebule mimea ya vyungu. Kiangazi, vumbi jekundu la malori lilipenya hata madirisha yaliyofungwa. Likitua juu ya majani mapana ya mti wa mpira, memsabu aliona kama ametukanwa.

Hapo ndipo Damari, msichana aliyeajiriwa kumsaidia, alipomkuta. Alikuwa Mbena, ameolewa juzi tu. Mumewe, Kalinga, alikuwa amepata kazi ya useremala Mbeya, lakini hakuwa na chumba cha kumweka mke. Apolonia alimpa Damari nusu ya mkeka wake na kazi yote aliyoijua.

"Ninyi Walutheri mnajua kuimba tu," alimtania. "Jani si kinanda, mbona unalibonyeza?"

"Na ninyi Wakatoliki mnalipuliza kama mnazima mshumaa wa misa!"

Walicheka mpaka memsabu akachungulia. Damari akaanza kumwita mama, na aliposema hivyo hakuwa akitania.

Kisha daktari akahamishiwa Mbeya. Nyumba ya huko ilikuwa na chumba kimoja cha mtumishi, na memsabu akasema atachukua mmoja tu. Angeamua akirudi kutoka kuitazama, kwa kuangalia mimea ya nani imetunzwa vizuri zaidi. Mimea ya dirishani ikabaki mikononi mwa Apolonia, ya mlangoni mikononi mwa Damari. Damari akawa anakiona chumba kile kila afumbapo macho: kitanda, mlango unaofungwa, Kalinga akirudi jioni na unga wa mbao nyweleni.

"Mama, nifanyeje majani yangu yang'ae zaidi?"

Apolonia alikamua kitambaa chake. "Kwenu bibi arusi akitolewa nje hupakwa nini?"

"Mafuta ya nyonyo."

"Basi. Unauliza njia ya kwenda kwenu?"

Damari akayapaka jani kwa jani, juu na chini, huku akiimba. Siku ile yaling'aa kama mashavu ya bibi arusi kweli. Kesho yake vumbi likanata. Alipofuta likawa tope. Alipoongeza mafuta, likazidi. Memsabu aliporudi, majani ya chini yalikuwa ya njano, mengine yako sakafuni.

"Nani amepaka mafuta? Apolonia, si nilikuambia zamani kwamba mafuta yanaua majani?"

"Uliniambia, Memsabu."

Damari akamgeukia, akingoja. Alikuwa na hakika mama yake atacheka kidogo na kusema, kosa ni langu.

"Nami nilimkataza," alisema Apolonia, macho yake kwenye jani alilolishika. "Watoto wa siku hizi hawasikii."

Damari akainama kuokota majani yaliyoanguka. Kumwita mama mwongo mbele ya Mzungu? Hakulelewa hivyo. Memsabu naye hakungoja. Alikwisha kumwambia Apolonia afungashe kwa safari ya Mbeya. Huenda Apolonia aliwaza uzee, na malango ya shemeji zake. Damari alikuja kulifikiri hilo miaka mingi baadaye, na halikumpunguzia kitu.

Asubuhi ya safari Apolonia aliketi nyuma ya lori, katikati ya vyungu, amejifunga kanga mpya. Damari alikuja, si kwa kumuaga; alitaka tu kumwona usoni, aone kama uso ule utageuka. Haukugeuka. Ulikuwa uleule, mpole, uso wa mtu anayekuuliza kama umekula. Dereva akawasha injini. Apolonia akainama ukingoni mwa lori.

"Mwanangu," alisema, "nikimwona Kalinga nimpe salamu gani?"