Kashata za Mwani

Nichekeni tu, maana hata mimi bado najicheka. Sisi kina mama wa Darsait, huku ughaibuni, tulikubaliana kununua bidhaa za wanawake wanaolima mwani Unguja, tena kwa bei ya haki, bila ya kuomba kupunguziwa. Kwa kiherehere changu, nikataka kikao cha kwanza kiwe kwangu.

Mzigo ulipofika nikaufungua. Vipande vya kijani, vimefungwa kwa karatasi, vinanukia karafuu na mdalasini. Nikasema, kumbe wametupikia kashata! Nikavikata vidogo vidogo, nikavipanga kwenye sahani ya halua, nikawakaribisha wageni kwa kahawa.

Bi Zuwena, mwenyekiti wetu, alitia kimoja mdomoni. Akatafuna polepole, macho yakamtoka.

"Ladha yake ngeni," akasema. "Lakini tuleni, jamani. Wenzetu wameshinda juani, miguu ndani ya maji ya chumvi, kwa ajili ya hivi."

Basi wote wakala. Nani angetaka aonekane hawaungi mkono wakulima? Mimi nikameza changu, nikasifu, nikaleta sahani ya pili.

Simu yangu ikalia. Alikuwa Mwanakhamis, kiongozi wa wakulima, anapiga kutoka Unguja. Nikaweka sauti juu ili wote wasikie.

"Nna hamu ya kujua, bibi," akasema. "Sabuni zetu mshazikogea? Zatoa povu?"

Bi Zuwena akafuta midomo kwa mtandio, akanitazama, kisha akaisogelea simu.

"Zatoa, mwanangu," akajibu taratibu. "Tena sana."