Jeneza Mlangoni mwa Kituo

Alkhamisi, tarehe kumi na mbili ya mwezi wa Rajab, nilimpoteza mume wangu, Makame. Alianguka uani mbele yangu, na nilichojua kufanya ni kumfumba macho tu. Nayasema haya mwanzo ili mtakapocheka, maana mtacheka, mjue nilikuwa na nini kifuani.

Mimi ni mfagiaji wa kituo cha afya huku Mangapwani (skuli niliishia darasa la saba). Nafasi ya mafunzo mjini ikija huwa moja kwa wauguzi wote, basi anayekwenda ni muuguzi Bi Raya, siku zake za mapumziko, na akirudi huwafundisha wenzake kila alichokipata, hachoki mwanamke yule. Nilipotoka eda nikamwomba anifundishe na mimi kumzindua mtu aliyezimika.

"Njoo Jumamosi, Bi Mize. Nakuja na kifaa, lakini adhuhuri kinarudi mjini."

Nikaenda mapema mno. Umeme hakuna, mlango wazi, na kitandani kalala mtu, kafunikwa shuka jeupe gubigubi. Nikaita, kimya. Nikamgusa mguu juu ya shuka, wa baridi, umekakamaa. Sikumfunua (sijui mwanamume, sijui mwanamke, na maiti ana sitara yake), nikamwelekeza kibla, nikapenyeza mikono chini ya shuka, uso nimeugeuza pembeni, nikamfunga kidevu kwa kitambaa changu. Ningengoja hapo, aibu ingekuwa yangu peke yangu. Lakini nikajiona mjuzi, nikakimbilia msikitini.

"Nani kafa?" akauliza Mzee Haji, mzishi wetu.

"Mgeni, simjui."

"Wa kike au wa kiume?"

"Sikutazama."

"Sasa tukamchimbie nani kaburi, Bi Mize?"

Wakaja hivyo hivyo, wanaume wanne na jeneza, na nyuma yao wanawake washaanza kulia. Mlangoni tukakutana na Bi Raya, anatoka barabarani kuwapokea wauguzi wenzake. Akasikiliza, akaingia, akavuta shuka. Sanamu la mpira, ndicho kile kifaa cha kufundishia! Limefungwa kidevu, limeelekea kibla.

"Huyu," akasema Mzee Haji, "hata akifa kweli, mimi simziki."

Walicheka mpaka jeneza likawaponyoka. Mimi nilitamani ardhi ipasuke nizame. Bi Raya peke yake hakucheka.

"Kamsitiri vizuri," akasema. "Lakini hakuna aliyetazama kama anapumua. Wekeni jeneza nje, ingieni nyote mjifunze. Bi Mize ataanza."

Toka siku ile simwiti mtu maiti kabla sijatega sikio puani mwake.

Nikasema sitaweza. Akanisogeza kitandani.

"Mfungue kwanza kidevu. Huyu bado hajafa."

Nikafungua kitambaa changu, nikaweka viganja kifuani pale aliponionesha.

"Kwa nguvu, Bi Mize. Hutomuumiza."

Nikabonyeza. Ndani ya sanamu kukasikika "tik". "Hapo hapo, ndivyo," akasema Bi Raya, na nyuma yangu Mzee Haji akaanza kuhesabu kwa sauti.