Mama Victoire Avua Kitenge cha Wamama

Mama Victoire anasuka nywele pale Rosettenville, mtaa wa Joburg, na mdomo wake haujapumzika tangu atoke Bukavu, isipokuwa kwa siri za wateja. Hizo atakufa nazo. Na kufa kwenyewe ndiko kunakomtisha, maana hana mtoto, hana ndugu Joburg nzima. Hapa mgeni akifa, wanaomzika ni wamama wa kanisa, wale wenye kitenge kimoja. Huna kitenge, utalala mochwari mpaka wakuchoke.

Basi Jumapili moja Pasta Marcellin akapanda madhabahuni na karatasi. Akasema kuna mswada bungeni, bima ya afya ya serikali isilipie kutoa mimba, na kila mama aje mbele asaini kuuunga mkono. Kuusoma hakuusoma. Kiingereza chake kinatosha kununulia petroli tu.

"Asiyesaini avue kitenge," akasema.

Wamama wakapanga foleni kama ya kugawiwa unga. Kalamu kaishika Mama Pasta, Brigitte, kilemba kirefu kama antena. Jina lake ndilo la kwanza, herufi nene.

Sasa sikilizeni. Mwaka jana Brigitte huyuhuyu alikuja saluni asubuhi, kamasi zinamtoka, akamshika Victoire miguu. "Yaya, dada yangu mkubwa, nisaidie, wewe unajua Kizulu." Victoire akampeleka Héritière, binti wa Mama Pasta, hospitali ya serikali. Mimba ikatolewa bila kulipa hata randi moja. Kanisa likaambiwa mtoto ana malaria. Malaria! Joburg, mwezi wa saba, baridi ya kuua mbu na mwenye nyumba! Na kanisa zima likafunga siku tatu, likaomba.

Zamu ya Victoire ikafika.

"Saini, Yaya," Brigitte akasema, macho chini.

"Nisaini, Mama Pasta? Mimi?"

"Kila mtu anasaini."

"Haya. Na ile malaria ya mtoto, ilipona?"

Watu wakaitikia amina, wakidhani anamjulia hali Héritière. Kalamu ikamtoka Brigitte mkononi, ikabingirika mpaka kwenye viatu vya Pasta.

Victoire hakuiokota. Akafungua kitenge kiunoni, akabaki na gauni, akakikunja vizuri, akakiweka juu ya karatasi. Alikuwa anakunja sanda yake, na alijua.

Lambert, mpiga ngoma, ambaye siku za kazi ni mlinzi wa getini na amezoea kukagua karatasi za watu, akachungulia.

"Pasta, hapa wameandika raia peke yao. Wanataka namba ya kitambulisho cha Sauzi."

Wamama arobaini walishajaza namba za karatasi za ukimbizi.

"Mungu hana mpaka," Pasta akasema. "Endeleeni."

Na wakaendelea, wajinga wale.

Jumanne Brigitte akaingia saluni. Jumamosi ana harusi, na kichwa chake hakuna mwingine anayekiweza. Mkononi kabeba mfuko wa plastiki, ndani kitenge kimepigwa pasi.

"Ulikisahau, Yaya."

"Eish, uzee huu," Victoire akasema, akakipandisha rafu ya juu. "Kaa."

Akamsuka kwa kuvuta, mstari kwa mstari, mpaka Mama Pasta akashindwa kufumba macho. Kaingia harusini hivyohivyo, kayakodoa, na kanisa zima likasema ameona maono.