Theluji Iliyotuchelewesha kwa Bibi

Watu wakisikia kwamba niliwahi kuishi Japani hudhani theluji ina harufu ya usafi. Kwangu mimi theluji inanuka mafuta ya taa. Katika jiji la Sapporo, nilikopelekwa nikiwa na miaka minane baba alipopata nafasi ya kusomea mambo ya samaki, jiko la mafuta ya taa liliwaka sebuleni tangu asubuhi hadi tulipolala, na harufu yake ilituingia kwenye sweta, kwenye nywele, hata kwenye mkate. Nje theluji ilianguka kimya, si kama mvua ya Malindi inayopiga mabati mpaka watu washindwe kusikizana. Ilirundikana hadi madirishani. Kila alfajiri baba alitoka na sepetu kuufungua mlango, na akimaliza, pale alipoanzia pamejaa tena. Mama alijifunga leso juu ya koti na kuilaani theluji hiyo mchana kutwa. Niliamini hakuipenda hata siku moja.

Katikati ya baridi ile mjomba, nduguye mama, alitupigia simu kutoka Malindi. Bibi, mama yao, alikuwa mgonjwa sana. "Njoo, dada," alisema. "Yuwakuuliza kila asubuhi, nasi hatuna la kumjibu." Baba akakata tiketi mbili, ya mama na yangu. Siku moja kabla ya safari kulikuwa na sherehe ya kuiaga baridi: mtu huvaa uso wa shetani mwekundu, watoto humtupia maharage na kupiga kelele shetani atoke, baraka iingie. Sapporo wao hutupa njugu na maganda yake, ili zisipotee thelujini. Shetani wetu shuleni alikuwa mwalimu, nami nilimtwanga njugu bila huruma. Mama alipokuja kunichukua akaona chakula kimetapakaa sakafuni. Kwetu chakula hakitupwi. Alipiga magoti akaanza kuziokota moja moja, na walimu, wakidhani ndiyo desturi ya kwetu ya kuifunga sherehe, wakapiga magoti wakaokota pamoja naye kwa adabu kubwa. Mama alicheka mpaka machozi yakamtoka. Hakuwa amecheka tangu simu ile ya mjomba.

Kicheko hicho kilinipa ujasiri mbaya. Siku tatu mbele lilikuwa lianze tamasha la theluji, ambalo darasa zima lilikuwa likilizungumza, na mimi ningeondoka kesho. Nililia. Nililia kama mtoto aliyedekezwa, na ndivyo nilivyokuwa. Nikasema nisipoliona sasa sitaliona maishani. Baba alimtazama mama. Mama akalitazama jiko. "Siku nne tano hazina neno," baba akasema, na safari ikasogezwa mbele. Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini siku ile hakuna aliyeikumbuka methali hiyo.

Sitasema uongo, tamasha lilikuwa zuri. Palikuwa na majumba mazima yaliyojengwa kwa theluji, yenye nguzo na ngazi, na watoto wakiteleza kutoka juu wakipiga mayowe. Mama alivua glavu akaushika ukuta mmoja mpaka vidole vikawa vyekundu. Kesho yake dhoruba ikafunga uwanja wa ndege kwa siku mbili. Siku ya pili mjomba akapiga: Bibi amefariki alfajiri, na baada ya adhuhuri wamekwisha mzika, maana kwetu maiti haingoji msafiri. Ndege ziliporudi kuruka, tamasha nalo lilikuwa limekwisha. Njiani tuliona mashine zikiyabomoa yale majumba.

Tulifika Malindi matanga yamekwisha ondolewa na mikeka imekunjwa. Mjomba alimpa mama mkono, kisha akamwuliza mbele ya watu, "Umekuja kwa nani?" Nilisimama nyuma yake nimeshika koti zito, jasho likinitiririka, nikingoja anitaje. Hakunitaja. Mjomba naye hakumsamehe mpaka alipoingia kaburini.

Miaka zaidi ya ishirini imepita. Siku hizi mgonjwa wa Malindi huonyeshwa nduguze wa ng'ambo kwenye simu, na anayechelewa hujipoza kwamba walau waliagana. Sisi hatukuwa na hilo. Mwaka huu, katika joto la Februari, nilikaa na mama barazani nikamwomba msamaha, mimi mtu mzima mwenye watoto. Alinisikiza mpaka mwisho huku akijipepea kwa ncha ya leso.

"Wewe ulikuwa mtoto," akasema. "Babako aliniuliza kwa macho. Ningesema la, angesikia. Lakini na mimi nilitaka kuyaona majumba yale."

Kisha akaniomba chai. Nilipaswa kushusha pumzi, lakini nilichokiona ni hasira. Kosa lile nimelibeba tangu utoto, naye alikuwa akinitazama nikilibeba, mwaka baada ya mwaka, akanyamaza. Nilimmiminia chai, nikamtilia sukari kama anavyoipenda, na sikuweza kumtazama usoni.