Finjani Tisa kwa Mwalimu Seif

Leo nimo katika timu ya mpira wa kikapu ya mtaa wetu hapa mjini Ibra, katika nchi za Waarabu, na baada ya Mwenyezi Mungu, wa kushukuriwa ni kahawa.

Jana mashabiki walijaa majlisini, chumba cha wageni cha Mwalimu Seif, kocha wetu, kuchagua wachezaji wapya. Nafasi moja ilibaki. Nikiitaka mpaka usingizi sipati, lakini mdomo wa kuiomba sina.

"Tumchukue yule mtoto mrefu wa Samad," akasema jirani yetu, Ammi Khalfan.

"Mlingoti nao mrefu, yaa Khalfan! Umepata kuuona ukiruka?" akadakia mzee mwingine.

Wakacheka, wakabishana, na mwenye birika la kahawa akanijazia finjani kila nilipomaliza. Tuna mwaka mmoja tu tangu tuje kutoka Unguja, sikujua kuwa huku ukitosheka unaitikisa finjani ili usiongezewe. Nikaona kukataa ni kukosa adabu. Nikanywa tisa.

Mwalimu akachoka na ubishi. "Khalas! Anayejiona anaweza, asimame mwenyewe!"

Wakati huohuo haja ikanizidi, nikaruka wima.

Makofi yakalia. "Mashallah, kumbe huyu mkimya ana moyo!" Mwalimu akaandika jina langu papo hapo, macho yanamng'ara kwa furaha.

"Haya mwanangu, waambie wazee wako utatufanyia nini tukikutana na timu ya Sur."

Majlisi nzima ikanigeukia. Miguu nimeibana, jasho linanitoka.

"Shikamoo, Mwalimu," nikasema. "Choo kiko wapi?"