Viganja kwenye Tumbo la Dege

Fundi huyu watu walimwita Msasa, na jina halikumkera hata kidogo. Kupaka gari rangi, alikuwa akisema, yeyote mwenye kopo anaweza. Kazi yenyewe ni kusugua. Gari likiingia kwenye karakana yake lilisuguliwa mpaka bati likabaki tupu, na likishasuguliwa ni marufuku kuligusa kwa mkono. Mafuta ya kiganja, ukiyapulizia rangi juu yake, hufumuka malengelenge baada ya mvua chache. Mteja aliyejisahau akaegemea bodi alichapwa mkono na kitambaa cha kufutia, awe mwalimu, awe daktari, awe mkwe wake mwenyewe. Mkwe alinuna miezi mizima.

Kwa hiyo meneja wa uwanja mdogo wa ndege alipotaka mtu wa kusafisha lile dege kuukuu la vita, nani mwingine angeitwa? Dege lilikuwa limekaa nyuma ya banda la zimamoto tangu vita vilipokwisha. Lilirudi injini moja imezimika, likatua kwa taabu, na wenyewe wakaliacha hapo wakaenda zao. Zamani lilidondosha mabomu, siku hizi lilifuga popo. Sasa makumbusho yalituma ujumbe kwamba mtaalamu wao anakuja kulitazama. Likimridhisha litachukuliwa, litengenezwe, liwekwe mahali watu walione. Lisipomridhisha, wanunuzi wa vyuma chakavu walishaanza kupiga hodi.

"Mgeni hawezi kukuta uchafu ule," meneja alimwambia. "Nataka ling'ae, fundi."

"Utajitazamia humo ukinyoa ndevu," Msasa akamjibu.

Akalisugua. Alilala chali juu ya mkeka chini ya tumbo la dege, maji ya sabuni yakimtiririkia kwapani, vumbi likimwingia mpaka kwenye kope. Ndani ya ile milango mikubwa ya tumboni, mabomu yalikokuwa yakipakiwa, alikuta alama za viganja, nyingi, za rangi ya njano iliyofifia, zimegongwa ovyo ovyo. Alisonya. "Watu na mikono yao!" Akachukua msasa mkali kuliko yote, akaanza na hizo. Tena akawa anapiga mluzi, na huo mluzi ndio uliokuja kumuuma baadaye kuliko kitu kingine chochote.

Hapa lazima baba yake atajwe. Marehemu alikuwa kibarua wa kupakia mizigo kwenye uwanja huo huo wakati wa vita, na mnyororo ulimkata kidole kidogo cha mkono wa kulia, kikatoka chote. Alipenda kusimulia kwamba siku moja vibarua walichovya mikono kwenye rangi wakagonga viganja vyao tumboni mwa ndege, ili na wao wawe wamekwenda vitani. Ndege hiyo, alisema, iliruka na mikono yao, na yeye akaachishwa kazi kabla hajaiona ikirudi. Basi kila mtu akaamini kwamba iliangukia mbali. Lakini mzee alikuwa na chumvi nyingi. Huyu huyu alidai aliwahi kumfundisha rubani namna ya kugeuza ndege, na kwamba mkuu wa kikosi alimwomba ushauri wa ndoa. Msasa aliyaweka yote fungu moja. Alipokuwa kijana alikuwa akimwigiza baba yake mbele ya marafiki, mkono juu, kidole kimoja kimekunjwa, na watu wakivunjika mbavu. Mzee alikuwa akicheka nao, kisha akiondoka.

Siku ya mtaalamu, Msasa alikwenda amevaa shati la sherehe. Alikwenda pia na dada yake mkubwa, aliyetaka kuona kazi ya mdogo wake inayosifiwa kiasi hicho. Wakampa kiti cha plastiki kivulini, chini ya bawa.

Mtaalamu alikuwa mwanamke mtaratibu, asiye na maneno mengi. Alizunguka dege lote, akainama chini ya tumbo, akamulika kwa tochi. Akakaa humo muda mrefu. Alipotoka, uso wake haukuwa wa mtu aliyeridhika.

"Mikono iko wapi?" akauliza.

Meneja akachungulia chini ya tumbo. "Mikono gani, mama?"

Akawaonyesha picha kwenye simu, iliyopigwa na mpita njia mwaka uliopita. Milango ya tumboni, na viganja vya njano vimejaa. "Ndege za aina hii tunazo mbili, nzima kuliko hii," alisema. "Hii niliitaka kwa ajili ya watu walioipakia. Hakuna nyingine yenye mikono yao."

"Itakuwa jua," meneja akadakia. "Jua la hapa mama, na mvua zake…"

"Kama ni jua na mvua, basi rangi imeliwa mpaka ndani na bati limeoza. Sina cha kuchukua. Wauzieni wa vyuma chakavu."

Msasa alikuwa ameishika ile simu. Katikati ya viganja kilikuwapo kimoja kipana, cha mkono wa kulia, cha vidole vinne. Pale pa kidole kidogo palikuwa patupu. Mkono huo ulimwogesha, ulimchapa, ulimfundisha kushika nyundo. Aliona aibu ambayo hajawahi kuiona maishani, akatamani ardhi ipasuke immeze na shati lake la sherehe.

Dada yake aliinuka akaja kuchungulia. "Huyu si baba?" akasema. Kisha akamtazama mdogo wake. "Kumbe alikuwa anasema kweli. Na wewe ulimcheka mpaka anaingia kaburini."

Meneja alimkonyeza: nyamaza. Ilikuwa rahisi. Jua halina wakili, lingebeba lawama bila kulalamika. Lakini dege lingekatwakatwa, na mkono wa baba yake ungesombwa nalo kwenye lori.

"Si jua," Msasa akasema. "Ni mimi. Nimezisugua hizo alama kwa msasa. Nilidhani uchafu."

Mtaalamu hakufoka, na hilo lilimchoma zaidi. Aliuliza tu, "Ulisugua kila mahali? Hata kuzunguka vichwa vya ribiti?"

Hapo tena uso ukamshuka. Ribiti, zile pini zinazoshikilia bati, ndizo alizokuwa akizigombania na vijana wake wa karakana kila siku, kwamba fundi anajulikana kwenye kona. "Pale… nilipitisha kitambaa tu," alikiri. "Mgongo ulikuwa unaniuma. Niliona nani atachungulia huko."

Yule mama alirudi chini ya tumbo na kioo cha kukuzia. Safari hii alitoka haraka. "Rangi ipo," alisema. "Kila ribiti ina duara lake la njano, na bati ni zima. Viganja havitarudi vyote, siwezi kuwadanganya. Vipande vipande, kwa taa maalumu, labda. Nitaandika ichukuliwe. Lakini itawekwa na maelezo, na maelezo lazima yawe ya kweli."

"Andika tu ilifanyiwa usafi," meneja akasihi. "Usafi wa kawaida. Mtu asiaibike bure."

Dada mtu alikuwa ameingia chini ya dege, mkono ameuinua, akipapasa bati lililong'aa kama sufuria mpya, akitafuta. Kwa mara ya kwanza maishani Msasa alimwona mtu akishika kazi yake kwa kiganja kitupu, na hakuwa na mdomo wa kumkataza.

"Kulia kidogo, dada," akamwelekeza, akitazama picha. "Juu. Hapo."

Mkono wake ukatulia hapo, penye bati tupu.

Msasa akamgeukia mtaalamu. "Andika," alisema, "kwamba aliyemfuta ni mwanawe."