Kisanduku Kisicho na Lebo

Nilipokuwa naishi Mpemba, asubuhi zilianza na ukungu na mngurumo wa malori kwenye foleni ya mpaka wa Zambia, nami katikati yake kama mtu ambaye hajaamka sawasawa. Nilikuwa natengeneza fomu ya kompyuta ya kuandikisha wajawazito katika zahanati moja ndogo.

Nesi aliyenipa kazi hiyo alikuwa mama wa makamo kutoka Ileje, Kiswahili chake kikipanda na kushuka kama njia za milima ya kwao. Alitaka kisanduku cha mwisho kisiwe na neno lolote juu yake.

"Nikiwasomea 'Matatizo', wanasema hawana," aliniambia. "Nikisoma 'Maoni', wanacheka. Niachie pa wazi, mdogo wangu. Nitamtazama tu mama usoni, ningoje."

Nilidhani ni kazi ya mara moja. Nikafuta lebo, nikaiacha tupu. Fomu ilipofunguka, juu ya kisanduku palisomeka "Maelezo mengine". Programu niliyotumia ilikuwa imechukua jina nililokipa kisanduku ndani ya msimbo, yale maandishi yanayoiendesha fomu, ikalianza kwa herufi kubwa, ikalibandika pale. Kwake, lebo tupu maana yake nimesahau. Nikajaribu kuihadaa kwa kuweka nafasi moja. Ikaacha nukta mbili zikining'inia zenyewe.

Mchana ule naukumbuka kama ndoto: vumbi limesimama kwenye jua, madereva wakiitana kwa Kibemba, simu yangu ikinikaribisha Zambia ilhali sijanyanyuka kitini, na ukurasa wa maelekezo ya programu ukishuka mstari kwa mstari. Mwishowe mstari niliouhitaji ukatokea. Kuacha patupu hakukutosha; ilibidi niseme ndani ya msimbo kwamba lebo hapana, siitaki. Nikaandika hivyo. Maneno yakatoweka, na zile nukta pia.

Kesho yake nilikaa zahanati nione fomu ikitumika. Akaingia mama mmoja wa jamii ya wafugaji, ametoka Kamsamba, uso bado una uchovu wa safari. Nesi akamuuliza umri, anakoishi, mimba ya ngapi. Alipofika kisanduku cha mwisho akainua macho, akamtazama usoni.

"Na hapo wanauliza nini?" mama akasema.

"Hapo hawaulizi."

Mama akaitazama skrini. Kisha, taratibu, akasema mtoto huwa anacheza tumboni mvua ikipiga bati. Akatabasamu. Halafu akasema anaogopa kurudi nyumbani, maana mito ikijaa hatavuka tena kuja kujifungua, na hapa mjini hana ndugu.

Nesi aliandika mpaka neno la mwisho, akamgeukia. "Basi utakaa kwangu, mama."

Akakaa. Nikipita jioni niliwakuta barazani wakichambua mchele, wakiongea polepole, wakinyamaza, wakiongea tena. Mtoto wa kike alipozaliwa, nilimbeba mimi hadi kwenye gari la kuwarudisha kwao, akiwa amelala, mzito kuliko nilivyodhani.